Nilizunguka Kirumba na kipaza sauti nikiuza "Dagaa wa Mwanza", mke wangu akahamia Sengerema

Wakuu, habari za majukumu.

Naandika nikiwa na hasira, na mtu niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo pole zenu kaeni nazo kwanza.

Jana nimesoma uzi wa member mmoja humu anaomba "mbinu za kutangaza biashara". Mmemjibu kurasa tatu. Mmoja anamwambia afungue TikTok. Mwingine anamwambia achapishe T-shirt. Mwingine anamwambia aweke offer, watu wanapenda vya bure.

Nimesoma comment zote mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anauza nini na anamuuzia nani.

Na yeye mwenyewe hakusema! Mtu anaomba dawa bila kusema anaumwa nini, na sisi tunamgawia vidonge.

Nikashindwa kulala na hili jambo moyoni, nikaona asubuhi hii niandike ya kwangu. Na siyo chai, ni kisa cha kweli. Mtu wa Mwanza, hasa wa Kirumba na Pasiansi, huenda aliwahi kuniona nimesimama nyuma ya pickup nimeshika kipaza sauti, jasho linanitoka. Ndiyo, yule ni mimi.

Cheka umalize, halafu tuendelee.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Samaki wakapungua, zamu zikapungua, mwisho tukapunguzwa na sisi. Nikarudi nyumbani na kiinua mgongo changu na mabuti ya mpira ambayo mpaka leo sijui nayafanyia nini.

Mke wangu, mama Neema, alikuwa na kabiashara kake ka dagaa.

Ananunua soko la Mwaloni pale Kirumba, anachagua mwenyewe, hatumi mtu. Anawaanika juu ya chanja badala ya chini. Anawatoa vichwa, anawakaanga kwa ndimu na pilipili, anawafunga kwenye vifuko, anaviziba kwa kimashine kake. Ukiwala husikii mchanga kwenye meno. Anayejua dagaa anajua hilo siyo jambo dogo.

Alikuwa anauza taratibu. Simu inaita, anaongea kidogo, anafunga mzigo, anatoka. Mimi kipindi hicho nikitoka kiwandani nimechoka, sikuwahi kuuliza ule mzigo unakwenda wapi.

Sasa mwanaume nimerudi nyumbani sina kazi. Nakaa sebuleni naangalia mke wangu anakaanga dagaa. Siku ya tatu nikajipa cheo. Mkurugenzi wa Masoko.

Hakuna aliyenipa. Nilijipa.

Nikajiunga na darasa la marketing la WhatsApp, la kulipia. Kila asubuhi mwalimu anarusha voice note ya mbinu moja. Mbinu ya leo, piga video fupi. Mbinu ya leo, tumia rangi nyekundu. Mbinu ya leo, mfanye mteja aogope kukosa. Mimi na daftari, naandika kama mwanafunzi wa darasa la saba anayesubiri mtihani.

Neno "mkakati" lilitajwa siku moja tu, nikaliruka. Kwangu mimi mkakati ni neno la kwenye taarifa ya habari, kiongozi amevaa miwani anasema tuna mkakati kabambe wa kuinua zao la pamba. Mimi muuza dagaa, mkakati wa nini? Nipe mbinu niondoke.

Hapo ndipo nilipopotea, wakuu. Yaliyofuata yote ni kupotea kwa kasi zaidi.

Kuna page moja ya Dar nilikuwa naifuatilia. Wanauza dagaa kwenye vifuko vizuri, vimeandikwa DAGAA WA MWANZA kwa herufi kubwa, chini kuna picha ya jua na maji. Watu wanagombania. Comment mia mbili, "naomba namba", "mimi wangu nitunzie".

Nikasema hawa watu wa Dar wanauza dagaa wetu kuliko sisi wenye ziwa? Haiwezekani.

Nikaenda kwa mtu wa kuchapa lebo, nikamwonyesha ile page kwenye simu, nikamwambia nataka hivi hivi. Jua, maji, DAGAA WA MWANZA. Akachapa. Nyingi sana. Kwa sababu ukichapa nyingi bei inashuka, na hiyo nayo ilikuwa mbinu.

Nikampelekea mama Neema. Akaishika ile lebo, akaisoma, akaigeuza nyuma kama vile kuna maelezo zaidi, akairudisha mezani.

"Baba Neema, hawa utawauzia wapi?"

"Kila mahali."

"Kila mahali ni wapi?"

Nikamwambia aache mawazo madogo, biashara sasa hivi inaendeshwa kisomi. Akanyamaza. Akarudi kwenye karai lake.

Wakuu, mwanamke akikuuliza swali mara mbili halafu akanyamaza, usidhani umeshinda. Mimi nilidhani nimeshinda.

Nikakodi pickup na spika. Tangazo niliandika mwenyewe. Naam, nasema niliandika, lakini ukweli nililitoa kwenye video ya wale wa Dar nikabadilisha namba ya simu. Lilikuwa linakwenda hivi:

"Ile ladha ya Mwanza uliyoikosa kwa muda mrefu, sasa imefika mtaani kwako!"

Soma tena.

Nimesimama Kirumba. Ziwa liko hapo, ukitupa jiwe linaingia majini. Soko la dagaa la Mwaloni liko hapo, harufu yake ndiyo saa ya kutuamsha. Na mimi nawatangazia watu wa pale kwamba ladha ya Mwanza, waliyoikosa kwa muda mrefu, imewafikia.

Siku ya pili tu nikapita karibu na geti la Mwaloni. Kuna mama mmoja mtu mzima, anauza dagaa kwa ndoo pale tangu sisi wadogo. Akanionyesha mkono nisimame. Nikashuka kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu zima kwanza hilo dude lako linapiga kelele." Dereva akazima. "Unasema unauza nini?"

"Dagaa wa Mwanza, mama."

"Dagaa wa Mwanza." Akawageukia wenzake. "Jamani, kwani sisi hapa tuko wapi?"

Wale wamama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikajitetea, nikasema mama hiyo ni brand. Akatikisa kichwa.

"Yaya, hapana baba. Sisi hapa tunaita dagaa. Wanakuwa wa Mwanza wakishapita Shinyanga."

Wakuu, yule mama alinipa jibu lote. Bure. Amesimama kwenye tope, kitenge kiunoni, amenipa kwa sentensi moja kitu ambacho darasa la kulipia halikunipa kwa mwezi mzima.

Na mimi nilifanya nini? Nikapanda kwenye pickup nikasema huyu ni mshindani ana wivu. Nikamwambia dereva aongeze sauti.

Jamani.

Wiki hizo pakiti hazikutoka. Hapana, zilitoka, lakini kwa namna ya kuudhi. Mtu anakuja anashika kifuko, anapima kwa mkono, anakumbuka kwamba hatua mia moja kutoka pale kuna ndoo nzima, anakirudisha. Mwingine, baba wa heshima kabisa, aliniuliza hawa ni wa kuku? Kwa sababu hapa kwetu dagaa wakiwa wamefungwa kidogo kidogo hivyo, watu wanajua ni chakula cha mifugo.

Dagaa wa mke wangu, wa ndimu na pilipili, mtu anauliza ni wa kuku.

Hapo mtu mwenye akili angesimama ajiulize. Mimi nikasema tatizo ni kwamba mbinu hazitoshi.

Nikaenda kuweka meza nje ya uwanja wa mpira siku ya mechi, nimevaa T-shirt yenye jua na maji. Watu wanakimbilia mpira, nani abebe dagaa uwanjani? Nikaweka nunua mbili chukua moja bure. Majirani wakachukua ya bure kwanza, wakaahidi kurudi kununua mbili. Nikapiga video za TikTok nikiwa nacheza, na mimi kucheza sijui. Neema, binti yangu mkubwa, yuko darasa la nne, akaniomba nisimtaje jina kwenye video kwa sababu ya wenzake shuleni.

Lakini lililoniuma mpaka leo ni hili la comments.

Video moja ilitembea. Views zikapanda, nikamwita mama Neema aje aone. Watu wanaandika. Mmoja yuko Mbeya, "mnatuma?" Mmoja Dodoma, "nawapataje hawa?" Mmoja Morogoro anasema ameishi Mwanza zamani, ameona video akameza mate.

Najua mnajua nilichojibu.

"Karibu sana dukani mpendwa, tupo Kirumba jirani na uwanja wa mpira."

Wote! Niliwajibu wote hivyo hivyo, kwa kukopi na kupesti. Mtu yuko Mbeya namkaribisha Kirumba aje achukue pakiti moja ya dagaa. Na mwalimu wa WhatsApp alisema ukijibu comment haraka unapendwa na mtandao, kwa hiyo nilikuwa nawajibu haraka sana.

Kila nikikumbuka natamani kujizaba kibao.

Kiinua mgongo kikaisha. Sitawahesabia hapa, kiliisha. Na ule mtaji mdogo wa mama Neema, wa kununulia dagaa, niliuingiza humo humo kwa kauli ya "tunawekeza". Wateja wake wale wa simu wakapiga, hana mzigo wa kuwapa kwa wakati, kwa sababu mzigo wote uko kwenye vifuko vyangu vya jua na maji na vimepangwa kwenye meza ya offer.

Siku moja mchana akaniita, akazima jiko kabisa. Akizima jiko ujue ni jambo zito.

"Mama mdogo kanipigia. Mpishi wake kaacha kazi."

Mama yake mdogo ana mgahawa Sengerema, karibu na hospitali. Nikamwambia basi atafute mpishi mwingine.

"Amenitafuta mimi," akasema. "Baba Neema, nakusikiliza mpaka shule zifungwe. Zikifungwa hali ikiwa hivi, nachukua watoto nakwenda Sengerema. Siachani na wewe. Lakini watoto lazima wale."

Nikamwambia hatutafika huko. Nikaapa. Halafu nikaenda kulipia tena pickup, safari hii na spika mbili.

Shule zikafungwa. Hali ilikuwa hivyo hivyo.

Nilimsindikiza mpaka kwenye kivuko. Mimi nimebeba begi na sufuria kubwa, yeye ameshika mkono wa Upendo, mtoto wetu mdogo, ana miaka mitano. Neema amebeba mabegi ya shule ya wote wawili. Hatukugombana hata kidogo, na afadhali tungegombana. Aliniambia unga uko wapi, akaniambia jirani atanipa mboga nikimwomba, akapanda.

Nikarudi nyumbani. Nyumba ina maboksi ya DAGAA WA MWANZA na mimi.

Niliona aibu, wakuu. Siyo ya majirani, hao nimewazoea. Niliona aibu mbele ya yale maboksi, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kazi ya mikono ya mtu aliyeondoka.

Sasa sikilizeni kilichotokea Nyegezi.

Kaka yangu mkubwa alikuwa amenitembelea kutoka Singida. Siku ya kurudi nikamsindikiza stendi ya Nyegezi asubuhi. Na kwa kuwa mtu hawezi kutoka Mwanza mikono mitupu, nikamfungia pakiti sita ampelekee shemeji.

Ona nilivyo. Nafunga zawadi ya dagaa kwa mtu anayesafiri, kwa mikono yangu, na bado kichwani sijaunganisha chochote.

Tunasubiri basi, tukasikia ugomvi kwenye buti. Mwalimu mmoja wa kike, baadaye nilijua anafundisha shule fulani hapa Mwanza, alikuwa anakwenda likizo kwao Songea. Ana kiroba cha dagaa wakavu. Kondakta hataki.

"Mama, mzigo huu hapana. Unanukisha mabegi ya watu. Nikiweka humu abiria wote wanaanza na mimi njiani."

"Sasa nikawaambie nini nyumbani?"

"Mimi sijui mama. Chukua hata vitenge."

"Vitenge Songea vipo! Nikifika bila dagaa wa Mwanza, wataniuliza nilikuwa nafundisha Mwanza ipi."

Nilishtuka, wakuu. Nilishtuka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Miezi yote ile, nimeyapiga hayo maneno kwenye spika mbili mitaa yote ya Kirumba, hakuna binadamu aliyewahi kuyatamka kwa hiari yake. Dagaa wa Mwanza. Na huyu hapa anayasema kwa uchungu, karibu analia, na anayesema hivyo ni mtu anayeondoka.

Wakishapita Shinyanga.

Kaka akanigusa bega, akaniuliza vipi. Nikachukua pakiti moja kwenye mfuko wake nikampelekea yule mwalimu. Akainusa. Akainusa tena upande wa pili. Haina harufu, imezibwa kwa mashine. Akamsogezea kondakta puani kwa nguvu.

"Hii je?"

Kondakta akanusa, akasema hiyo haina shida, hiyo hata ndani weka.

"Zipo ngapi?" mwalimu akaniuliza. Zipo sita. "Lete zote."

Kaka akasema mpe, mimi nitumie nyingine. Kabla hajamaliza, mzee mmoja aliyekuwa anakwenda Iringa akauliza na mimi je? Na dada mmoja nyuma yake. Nikawaambia zimeisha.

Zimeisha! Nyumbani nimelala na maboksi yamefika dirishani, na mimi niko stendi nawaambia watu wenye pesa mkononi na siti ya dirishani kwamba zimeisha.

Basi likaondoka. Nilikaa kwenye benchi la stendi muda mrefu nikijitukana.

Kwa sababu ghafla kila kitu kilikuwa wazi, na kilikuwa rahisi mpaka kinaudhi. Mtu wa Kirumba hana shida ya dagaa. Mwenye shida ni mtu anayeondoka Mwanza, ambaye kwao wanamsubiri na swali la umetuletea nini, na basi halitaki harufu. Shida yake siyo njaa, shida yake ni kufika mikono mitupu. Na mwingine ni yule aliyeishi hapa akahamishwa, yuko Dodoma anatamani, hana wa kumtumia. Hao ndio wateja. Wako stendi, wako kwenye ofisi za mabasi, wako kwenye comments zangu, wale niliowakaribisha Kirumba.

Ukishajua hilo, mbinu zinajipanga zenyewe. Pickup haihitajiki hata dakika moja. T-shirt haihitajiki. Na ile lebo niliyoikopi kijinga, kumbe lebo haikuwa na kosa. Kosa ni mtu niliyekuwa namsomea.

Huo ndio mkakati, wakuu. Neno nililoliruka. Nani, ana shida gani, yuko wapi, kwa nini achukue kwangu na siyo kwenye ndoo. Maswali ambayo mtoto anaweza kuuliza, na mimi nilinunua spika ili nisiyasikie.

Wiki hiyo hiyo nikavuka kwenda Sengerema. Njia nzima najiandaa, nimepanga maneno. Nitamwambia mama Neema nimegundua kitu. Nilijiona kama mtu aliyevumbua umeme.

Nikamkuta jikoni kwa mama mdogo anageuza ugali. Nikamsimulia yote, Nyegezi, mwalimu, kondakta, harufu. Aliendelea kugeuza. Nilipomaliza akaepua sufuria, akafuta mikono, akanipa simu yake.

"Andika neno dagaa hapo kwenye majina."

Nikaandika.

Dagaa Dodoma Mama Beni. Dagaa Moshi Mwalimu. Dagaa Mbeya. Dagaa Mbeya 2. Dagaa Tabora Nesi. Dagaa Iringa Mchungaji. Nikawa nashusha na kidole, na majina yanaendelea.

"Hawa ni nani?"

"Wateja wangu."

Watu waliowahi kufanya kazi Mwanza wakahamishwa. Ndugu zao. Waliopelekewa zawadi wakauliza imetoka wapi. Miaka yote ile simu ilikuwa inaita, anafunga mzigo, anaupeleka kwa wakala wa basi. Nyumba hiyo hiyo ninayolala. Kitu nilichokivumbua kwa kiinua mgongo chote, mke wangu alikuwa anakifanya kimya kimya kabla mimi sijajua neno marketing.

Nikapandisha sauti, naungama. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza utawauzia wapi. Ukaniambia kila mahali."

Mama mdogo aliyekuwa anakata nyanya pembeni akahama na ubao wake akaenda nje.

Kwa sasa hali ni nzuri, nisiwafiche. Maboksi yote yalitoka. Nimeelewana na wakatisha tiketi kadhaa Nyegezi, abiria akikata tiketi anaulizwa kama kwao wanasubiri dagaa. Wale wa comments nimewarudia mmoja mmoja kuwaomba radhi, wengine wamenicheka, wengine wameagiza. Wateja wa mama Neema ndio nguzo, yeye anapokea simu kutoka Sengerema, mimi nakaanga kwa maelekezo yake, nafunga na kupeleka kwenye basi. Mwaloni nanunua kwa yule mama wa geti. Hajanisamehe, lakini ananichagulia dagaa wazuri.

Lile darasa la WhatsApp bado linaniongeza kwenye magroup. Natoka, linaniongeza.

Kwa hiyo wewe uliyeomba mbinu jana, nakuomba kama ndugu. Funga simu. Chukua karatasi, andika mtu mmoja tu anayenunua bidhaa yako, jina lake, anaitaka ya nini. Ukishindwa kumwandika, usichape hata lebo moja. Na kama kuna mtu nyumbani kwako amekuwa akiuza kabla yako, muulize yeye kwanza kabla hujalipia mtu wa mtandaoni. Na akikuuliza wewe swali, lijibu.

Uwanja ni wenu sasa. Mwenye kunisema aniseme, mwenye kisa chake amwage, wa Mwanza mnaonifahamu msinitaje jina. Ila anayetaka kuniuliza nilikodi wapi pickup, naomba apite kimya.

Maana mtaniuliza, mke alirudi?

Hajarudi. Alimpa mama mdogo neno lake mpaka mwaka uishe, na mama Neema neno lake halivunji. Watoto wameshaandikishwa shule kule, sare zimeshonwa. Mimi navuka kila Jumamosi.

Jumamosi iliyopita nilifika saa tisa hivi. Upendo akanikimbilia, akanipokea mfuko, akanivutia kiti kivulini, akasimama mbele yangu amefunga mikono nyuma.

"Shikamoo baba. Leo utalala kwetu, au unarudi kwako?"

Nikamwambia nitalala.

Akakimbia jikoni kumwambia mama yake kwamba mgeni analala.